Jina la Ansbert Sebuleni

"Dada, huyo mtoto anapumua kweli?"

Harieth aligeuka na jibu kali mdomoni. Alikuwa amebanwa katikati ya soko la Bariadi, bodaboda zikimpigia honi mgongoni, muuza samaki amemwaga maji ya vundo karibu kabisa na viatu vyake vyeupe, na kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge cha bluu kama kichanga. Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono, mabuti ya mpira yameganda tope.

"Si mtoto," Harieth alisema.

"Afadhali. Nilishaanza kumwonea huruma. Sasa ni nini?"

"Ugonjwa wangu."

"Basi Mungu kakusaidia. Mimi ni daktari."

"Daktari wa wapi? Mimi ni mfamasia hospitali, madaktari wote nawajua."

"Wa ng'ombe."

Harieth hakutaka kucheka. Joto lile na harufu ile havikuwa vya kuchekewa. Lakini kicheko kilimponyoka, na kijana akaitumia nafasi hiyo kumfungulia njia kwa mabega yake mpaka kwenye kibanda cha Danford, fundi simu. Njiani alijitaja: Luhaga, mwenyeji wa kijiji cha Shishiyu. Harieth alipoingia kwa fundi, yeye alibaki nje akijifanya anachagua chaja.

Danford alifungua kitenge. Ndani kilikuwa kisanduku cheusi cha muziki, vile vinavyovuta nyimbo kutoka kwenye kompyuta kwa mtandao wa nyumbani. Hakikuwa na hata mchubuko.

"Hivi navijua," Danford alisema. "Kampuni imevitelekeza. Wamezima mitambo yao, akaunti zote zimefungwa. Nyimbo zako za kwenye kompyuta kitaendelea kupiga, ila hilo jina unalotaka litolewe limeshaandikwa, basi. Hakuna wa kulibadilisha."

"Lakini nimekinunua mimi! Na ni kizima!"

"Ni kizima, dada. Kimetelekezwa tu. Kuna kitundu hapa nyuma, ukikichokoa kwa pini, kinasahau kila kitu. Lakini kikiamka kitaitafuta kampuni kijisajili upya, na huko hakuna wa kuitika. Kitabaki tofali."

Harieth aliona kinyaa. Mtu akuuzie nyumba, ale hela yako, halafu siku moja aamke aondoke na funguo! Alikifunga kisanduku kwenye kitenge bila kuaga.

"Kinaumwa nini?" Luhaga alimwuliza nje.

"Mambo ya akaunti."

Luhaga hakuuliza zaidi. Alimbebea mzigo mpaka mtaa wa Somanda alikopanga, na walipoachana getini alikuwa ameshapata namba ya simu.

Ukweli ni kwamba Harieth aliona aibu. Kisanduku kile alikinunua kwa mshahara wake enzi zile anafanya kazi Mwanza, amechumbiwa na mtu aitwaye Ansbert. Kazi ya Ansbert ilikuwa kujinyoosha kwenye sofa na kukisajili kwa simu yake, kwa jina lake. Tangu hapo, kila kikiwashwa, sauti ya mwanamke wa Kizungu, laini kama mafuta ya mgando, ilimkaribisha: karibu tena nyumbani, Ansbert. Kisha Ansbert akaoa mwanamke mwingine, na habari za harusi Harieth akazipata kwa mpambaji wa ukumbi. Aliomba uhamisho, akaja Bariadi. Mashati ya Ansbert aliyachoma moto, picha akazichana. Kisanduku hakukigusa, maana hakikuwa cha Ansbert. Aliamua tu asikizime. Kikiwa kimewaka kilipiga muziki mtamu, besi ikitembea mpaka kwenye nyayo, na hakikumtaja mtu.

Basi mapenzi yakaanza, na mengi yalipita kwenye simu.

"Umekula, mama dawa?"

"Nimekula. Wewe umeoga? Harufu ya zizi naisikia mpaka huku."

"Hiyo ndiyo harufu ya mahari, mpenzi. Anza kuizoea."

"Nani kakwambia mimi naolewa na mchunga ng'ombe?"

"Daktari wa ng'ombe."

"Tofauti yake?"

"Mchungaji huwa hapigi simu mara nne kwa siku."

Ijumaa moja jioni Luhaga alikuja kula. Safari hii alikuwa amepiga pasi, viatu vinameta, na mkononi ana mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo mama yake alimtuma amletee "yule Mhaya." Harieth alivaa gauni la njano lililomshika kiuno, akapika ndizi na sato. Muziki ulikuwa chini kwa chini. Luhaga alikuwa amemshika mkono, anamweleza jambo kuhusu nyumba anayotaka kuijenga, umeme ulipokatika.

Walicheka gizani. Harieth akawasha tochi ya simu, akatafuta mshumaa. Hakukumbuka kuchomoa waya ukutani. Alikumbuka umeme uliporudi, akaruka kutoka kwenye kiti, lakini alikuwa amechelewa. Ile sauti ya mafuta ilijaa sebule nzima, ikamkaribisha Ansbert nyumbani.

Luhaga aliacha kutafuna.

"Ansbert ni nani?"

"Mtu wa zamani. Nilishaachana naye."

"Mbona anakaribishwa?"

"Alikisajili yeye. Jina halitoki."

"Badilisha."

"Halibadiliki, Luhaga. Kampuni iliyokitengeneza imeacha kukihudumia, akaunti zimefungwa."

Luhaga alicheka, kicheko kisicho na ladha. "Kampuni gani hiyo inayomzuia mwanamke kufuta jina la bwana wake?"

"Muulize Danford."

"Kwa hiyo Danford anajua! Siku ile sokoni nilibeba kitu cha huyo mwanaume, begani kwangu, kama punda, na wewe unaniambia mambo ya akaunti!"

"Si cha kwake! Ni changu. Nimekinunua kwa hela yangu!"

"Basi kitupe."

"Situpi mali yangu kwa sababu wewe umesikia jina."

Luhaga alisukuma sahani. Mafuta ya samaki yalikuwa yameanza kuganda. "Inatia kinyaa," alisema taratibu, na Harieth hakujua anasema kisanduku, au yeye. Alitoka bila kugeuka. Pikipiki yake iliunguruma, ikapotea kuelekea barabara kuu.

Siku zikapita, simu kimya. Milembe, muuguzi wa hospitali ileile na dada yake Luhaga, alimfuata Harieth kwenye dirisha la dawa.

"Wifi, kaka haongei na mtu. Anasema kwako kuna mwanaume anakaribishwa kila umeme ukirudi."

"Na kwa umeme huu wa kwetu," Harieth alijibu kwa uchungu, "anakaribishwa kuliko Paroko."

Milembe alicheka mpaka akashika ukuta. Harieth hakucheka. Mchana ule alikaa muda mrefu na simu mkononi, kisha akafanya jambo aliloapa hatalifanya. Alimpigia Ansbert.

"Harieth!" Alikuwa anatafuna. Harieth alisikia mate, alisikia mfupa unavunjwa. "Nilijua utapiga tu."

"Nataka nywila ya ile akaunti ya muziki. Labda kuna njia ya kufuta jina lako."

"Ile? Wamefunga, hata mimi sikumbuki." Akanyonya mfupa. "Kwa hiyo bado nakaribishwa sebuleni kwako, ee? Ona sasa. Hata mashine imekataa kuniacha. Labda inajua kitu tusichokijua sisi." Nyuma yake sauti ya mwanamke iliuliza anaongea na nani. "Fundi wa redio," Ansbert alimjibu, kisha akashusha sauti. "Nitafute baadaye, mpenzi, nikiwa peke yangu."

Harieth alikata. Alichukua pamba na spiriti akaifuta simu pande zote, kisha sikio lake, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mwanaume yule alikuwa amelala naye, akamdanganya, na sasa alikuwa anamdanganya mwingine kwa sauti ileile, mdomo umejaa nyama.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Hakuvua hata viatu. Alichomoa pini kwenye kola ya koti lake jeupe, akageuza kisanduku, akaisukuma kwenye kitundu na kuishikilia. Muziki ulikatika katikati ya wimbo. Taa ikazimika, ikawaka rangi ya chungwa, ikaanza kupepesa. Ilipepesa, ikapepesa, inaita watu ambao walishafunga mlango na kwenda zao.

Alidhani atapata nafuu. Badala yake alikaa sakafuni akalia kwa hasira. Ansbert aliweka jina, kampuni ikalifungia ndani, Luhaga akalikimbia, na aliyelipa ni Harieth.

Bado alikuwa pale chini aliposikia pikipiki. Luhaga alisimama mlangoni, vumbi la njia limempaka nyusi.

"Hodi."

"Unataka nini?"

"Nimetoka Shishiyu. Milembe alimpigia mama, mama akaniita." Alivua kofia. "Aliniuliza: Luhaga, ukinunua ng'ombe mnadani, akaja na chapa ya mtu mwingine ubavuni, unamchinja? Nikasema hapana, mama. Akasema, basi rudi huko ulikotoka, mjinga wewe. Nimekuja kukuambia kikae, Harieth. Kimkaribishe Ansbert, kimkaribishe na babu yake. Mimi najua nani ananikaribisha mimi."

Harieth alinyoosha kidole. Luhaga aliangalia ile taa, akamwangalia yeye, na pini iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Umekiua?"

"Nimekiua."

"Kwa ajili yangu?"

"Usijipe ukubwa. Nilimpigia Ansbert leo. Nilivyomsikia, nisingeweza kulala nyumba moja na jina lake. Lakini wewe uliniambia ninatia kinyaa. Mezani kwangu. Chakula changu kinywani mwako."

"Sikusema wewe. Nilisema kile kitu."

"Hukunyoosha kidole."

Luhaga alikuja akakaa sakafuni mkabala naye, suruali ya vumbi kwenye zulia lake safi, na Harieth hakumkataza. "Nilikosa," alisema. "Niliona wivu, nikauita kinyaa kwa sababu wivu ni aibu. Nisamehe."

"Na mimi ningekuambia siku ile sokoni," Harieth alisema. "Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka."

"Najua."

Simu ya Luhaga iliita. Aliiangalia, akaguna, akaweka sauti ya nje, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

Mama alijibu salamu haraka haraka, kisha akahamia Kiswahili makusudi, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya shamba. "Umefika kwa Mhaya?"

"Nimefika."

"Umeomba msamaha?"

"Nimeomba."

"Amekubali?"

Luhaga alimtazama Harieth. Harieth alijifuta uso kwa kiganja, akaichukua simu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mjinga umemsamehe?"

"Namfikiria, mama."

"Mfikirie vizuri, ni haki yako. Ila usikawie. Wazee nimeshawaambia waje kwenu kuongea, na mvua zikianza wote watakuwa shambani."

Luhaga alifumba macho kwa aibu. Harieth alimwangalia, vumbi lake na nyusi zake nyeupe, akahisi kicheko kikimtekenya kifuani.

"Basi waje kabla ya mvua, mama," alisema. "Na yeye aje ameoga."