Mpe Mwenzako Uhai

Msimu wa mvua ulipoanza, Bwana Tak alifungua kabati la karakana akakuta mashine moja ya gemu imelowa. Kabati lilikuwa kavu. Mashine zilizopangwa kushoto na kulia kwake zilikuwa kavu pia. Aliinua ile moja, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, akayanusa. Yalinuka tope la bwawa.

"Bosi," aliita, "kuna mtu amemwogesha mtoto wetu."

Pyo Gi-tae alitokea na kikombe chake cha kahawa. "Paa linavuja hilo."

"Linavuja kwa kuchagua?"

"Kausha, Tak. Punguza maneno."

Tak aliikausha kwa fulana yake, kisha akaiwasha. Iliwaka vizuri. Kwenye kioo walikuwepo watu wawili wadogo wanaovuka maji kwa kurukia mawe, kama gemu lilivyotakiwa kuwa. Mtu wa pili hasogei asipopata mchezaji wa kumsogeza. Lakini sasa alikuwa ameshuka kwenye jiwe lake, amesimama majini hadi kiunoni, na uso wake mdogo usio na macho ulikuwa umegeukia nje, upande wa aliyeshika mashine.

Tak aliizima, wala hakumwambia bosi.

Karakana hiyo ya mjini Bucheon ilianza kwa kutengeneza vicheza muziki vidogo vya mfukoni. Viliuzika vizuri. Kisha simu zikaanza kubeba nyimbo, na Gi-tae akaongeza kioo ili watu watazame filamu kwenye treni. Simu zikaanza kubeba na filamu. Wenye maduka ya vifaa vya elektroniki huko Yongsan wakamwambia bila kuzunguka: weka gemu, weka vitufe vya gemu, la sivyo usituletee tena. Vitufe aliviweza. Gemu hakuwa na mtu wa kumtengenezea, kwa sababu mtu huyo alikuwa amekufa.

Alikuwa mdogo wake, Gi-ung. Enzi za vicheza muziki yeye ndiye aliyeandika programu zao, na jioni, kwa kujifurahisha, aliandika gemu ndani ya kicheza chake mwenyewe, akitumia vitufe vya kurusha wimbo na vya kupandisha sauti. Lilikuwa gemu la watu wawili. Mmoja akiishiwa na uhai, mwenzake aliyebaki nao aliweza kumpa wa kwake. Kitufe kiliandikwa hivyo: MPE MWENZAKO UHAI. Gi-ung alijivunia sana kitufe kile. Vuli moja alikwenda kuvua kwenye bwawa la Yeonji, chini ya kijiji cha mama yao, na mtumbwi ukapinduka.

Siku walipomtoa majini, mama yao, Bun-nyeo, alipanda juu ya paa na fulana ya ndani ya mwanawe, akaelekea kaskazini, akaliita jina lake mara tatu ili roho irudi. Haikurudi. Basi ikabaki kufanya lile jingine, la kumwachia aende. Nyuma ya nyumba walichoma nguo zake, viatu, fimbo za kuvulia, hata mswaki. Kwetu cha marehemu humfuata marehemu. Ukikizuia, umemshika mguu asiende.

"Umechoma vyote?" mama aliuliza, uso umemjaa majivu.

"Vyote, Mama," Gi-tae alijibu.

Kile kicheza kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la msiba. Hakukiweka kwa tamaa. Ndani yake mlikuwa na kazi ya mikono ya ndugu yake, na mikono yake mwenyewe ilikataa kukitupa motoni. Tamaa ilikuja miaka kadhaa baadaye, Yongsan walipotaka gemu, naye akalitoa lile la Gi-ung akalinakili kwenye kila mashine mpya.

Kabla ya mzigo kutoka, karakana ilifanya tambiko la heri kama inavyofanywa popote panapoanzwa kazi mpya. Walitandika meza wakaweka keki ya mchele yenye maharagwe mekundu, samaki mkavu, pombe nyeupe ya mchele, na katikati kichwa cha nguruwe kilichochemshwa. Pembeni ya kichwa Gi-tae aliiweka mashine mpya. Bibi Bun-nyeo alikuja kutoka kijijini, na mkewe Gi-tae akaja na binti yao, Sol-hui, aliyekuwa darasa la tatu.

"Mwuzaji kachagua vizuri," Tak alisema. "Nguruwe anatabasamu."

"Anatabasamu kuliko wewe ukilipwa," akajibu dada wa kufunga maboksi, na watu wakacheka.

Gi-tae alipiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Alipokuwa bado ameinama, mashine ikajiwasha. Ilipiga muziki wake mfupi wa kufungulia, na Bibi Bun-nyeo akaacha kujipepea kwa kipepeo chake. Ule haukuwa wimbo unaojulikana na mtu mwingine yeyote. Gi-ung alikuwa akiupiga mluzi tangu utotoni, akichota maji, akifunga kamba za viatu.

Ndipo mdomo wa nguruwe ukaanza kuvuja. Yalianza matone, kisha mchirizi, maji ya rangi ya chai yakipita juu ya meno yaliyotabasamu na kutambaa kwenye kitambaa cheupe hadi kwenye keki, na harufu ya tope ikapanda chumbani, nzito, ya majani yaliyooza mahali pasipofika jua, hata yule dada wa maboksi akajiziba pua na hakuna aliyecheka tena.

"Hakikuchemshwa kikaiva," Gi-tae alisema haraka. "Ondoeni."

Mama yake alimsogelea, akanong'ona. "Gi-tae. Siku ile ulichoma vyote?"

"Mama, watu wanatutazama."

"Nimekuuliza."

"Vyote."

Katika vurugu ile ya kufuta meza, Sol-hui aliichukua mashine akaitia kwenye begi lake la shule. Baba yake alimwona. Aliona afadhali iondoke pale.

Bibi alibaki mjini kwao. Jumapili mchana alikaa sakafuni akimenya vitunguu saumu, na Sol-hui akamwekea mbele kicheza muziki chake kidogo, ambacho pia kilirekodi sauti.

"Taja tena, Bibi. Nani amelala kaburi gani."

"Mtoto gani huyu anayependa makaburi? Wenzako wanapenda peremende."

"Mwalimu anasema vitu visiporekodiwa vinapotea."

Bibi alicheka, akataja. Babu yule chini ya msonobari, bibi yule karibu na njia. Alipofika kwa Gi-ung alijifuta macho, akasema vitunguu vinamchoma.

Baadaye mvua ilishuka kwa nguvu na nyumba ikaingia giza ingawa ulikuwa bado mchana. Mama yake Sol-hui alikuwa akianua nguo barazani aliposikia binti yake akizungumza chumbani. Alidhani ni kile kicheza. Kisha akagundua kwamba Sol-hui anasema, ananyamaza, kama mtu anayesubiri ajibiwe, na katika ule ukimya mlikuwa na mlio mdogo, wa maji yanayoingia kwenye chupa.

Alisukuma mlango. Sol-hui alikuwa amekaa na mashine, nywele zimemganda usoni, zimelowa.

"Umetoka nje?"

"Hapana, Mama. Nacheza na baba mdogo."

"Baba mdogo gani?"

"Wa kwenye picha." Mtoto hakuinua macho. "Ameishiwa na uhai. Ananiomba wa kwangu. Nilikuwa nao mwingi, nikampa. Sasa nimebakiwa na mmoja, na bado anaomba."

Mama alijaribu kumnyang'anya mashine akashindwa, kwa kuwa vidole vya mtoto vilikuwa vya baridi na vimekaza kama vya mtu aliyeshika kamba asizame. Akafungua mfuniko wa nyuma, akang'oa betri. Kioo kikaendelea kuwaka.

"Baba Sol-hui," alimnong'oneza mumewe jikoni, "mtoto anakwenda. Umeleta nini nyumbani kwangu?"

Bibi alikuwa mlangoni. Gi-tae aliwatazama wote wawili, kisha akaenda kwenye kabati, akaleta kile kicheza cha zamani kilichofungwa kwenye leso. Mama yake hakumpiga wala hakulia. Alikipokea kwa mikono miwili kama anavyopokelewa mtoto mchanga.

"Alikuwa anataka kwenda," alisema. "Wewe umemfungia mlango kwa nje."

Mganga aliitwa Namgung, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Waliwasili naye bwawani Yeonji asubuhi iliyofuata, mvua imepumzika, maji yametulia kama kioo kilichozimwa. Sol-hui alilazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, mashine ikiwa bado mikononi, kidole gumba kimeinama juu ya kitufe bila kukigusa. Alikuwa akipumua kwa shida, na kila akikohoa alitema maji.

"Aliyekufa maji hatoki majini mpaka apate wa kukaa mahali pake," Namgung alisema. "Hana ubaya na mtoto. Amechoka na baridi tu. Nitamtoa kwa njia safi, lakini kila alichokiacha lazima kiungue."

Walikichoma kile kicheza kwenye bati. Namgung alijaza mchele kwenye bakuli la shaba, akalifunga kwa kitambaa, akalifungia mwisho wa utepe mrefu wa pamba nyeupe, akalirusha bwawani huku akiliita jina. Roho ikikubali kutoka huacha unywele ndani ya mchele. Alivuta, akafungua. Mchele ulikuwa mweupe, safi.

"Hayumo humu," alisema, akamgeukia Gi-tae. "Amepewa nyumba nyingine. Wapi?"

Gi-tae alikuwa anajua tangu jana, alikuwa anajua njia nzima wakati akiendesha, na alikuwa amenyamaza kwa sababu lori lingepakia mzigo asubuhi hiyohiyo na watu wote wa karakana walikuwa wanautegemea. Alimtazama binti yake kupitia dirisha la gari, midomo imekuwa ya buluu, akatoa simu.

"Tak. Futa lile gemu."

"Kwenye ipi, bosi?"

"Zote. Kila mashine. Hata kompyuta."

"Lori liko mlangoni! Bila gemu hivi ni vicheza muziki vyenye vitufe vingi tu. Tutakula nini, vitufe?"

"Futa, Tak. Nakusihi."

"Ile iliyolowa," Tak alisema taratibu, "niliona lakini sikukwambia. Nafuta."

Wakati Gi-tae akisubiri na simu sikioni, wakati mganga akifunga tena bakuli na mama mtoto akiwa amepiga magoti ukingoni akiwaomba mababu wote aliowajua kwa majina, hakuna aliyemtazama Bibi Bun-nyeo, aliyefungua mlango wa gari, akaketi, akakipakata kichwa cha mjukuu wake.

"Bado anaomba?" aliuliza polepole.

Sol-hui akaitikia kwa kope.

"Ameomba kwa adabu?"

"Anasema baridi, Bibi. Anasema samahani."

"Ndivyo alivyo. Mpishe bibi naye acheze." Alivisugua vidole vya mtoto, akavipulizia pumzi, na kimoja baada ya kingine vikalegea. Bibi alivaa miwani yake. "Hapa ndipo panapoandikwa jina? Niandikie. Bun-nyeo. Na kumpa ni hiki?"

Akabonyeza.

Simu ilisema, "Tayari, bosi, hakuna kitu tena," na kioo cha mashine kikazimika mikononi mwa bibi. Sol-hui alivuta pumzi ndefu yenye kilio, akaita mama. Bakuli lilirushwa mara ya pili. Safari hii utepe ulikuwa mzito, na mganga alivuta huku akisaidiwa na Gi-tae, utepe ukitoka na magugu na ile harufu, hadi bakuli likatua nyasini. Namgung alifungua kitambaa, akainamia mchele.

Ulikuwamo unywele mfupi, mweusi, wa kijana. Pembeni yake, umejiviringa nao, ulikuwamo mwingine mrefu, mweupe.

Bibi Bun-nyeo alikuja nyuma yao akifuta miwani. Alitazama ndani ya bakuli.

"Mwacheni aende sasa," alisema. "Mvua inarudi. Mtoto hajala."

Ile mashine waliichoma palepale, na mashine nyingine Gi-tae aliziuza kwa bei ya vyuma. Karakana haikufika majira ya baridi. Bibi alirudi nyumbani kwake, lakini tangu siku ile hakupata joto, hata akikaa juu ya sakafu iliyowashwa moto chini yake, na kila alipopita mbao za sakafu zilibaki na alama za unyayo uliolowa. Sikukuu ya mavuno haikumkuta. Kabla ya kufa alimwita Gi-tae.

"Nikienda, chomeni vyangu vyote. Hata kijiko. Hata miwani. Usinifanye nikamwombe mtu."

Walichoma nyuma ya nyumba, mahali palepale. Safari hii Gi-tae hakuacha kitu. Alipekua makabati, akainua mikeka, akatia motoni hata kipepeo. Mwishowe alimgeukia binti yake, macho mekundu kwa moshi.

"Una chochote cha bibi, Sol-hui? Tumechoma vyote?"

Sol-hui alikuwa na mkono mfukoni. Kicheza muziki kile kilikuwa chake, si cha bibi. Baba alimnunulia siku yake ya kuzaliwa. Bibi aliacha ndani yake sauti tu, akitaja makaburi, akicheka kuhusu peremende, na sauti si nguo, si kijiko.

"Vyote, Baba," alisema.

Moto ulikuwa mkali na mchana ulikuwa wa jua. Ndani ya mfuko, kati ya vidole vyake, kile kicheza kilianza kulowa.