Unichoree Noémie wa Leo

— Tata, ule iko mutoto! Unatafuta mama wa miaka makumi ine na munane, unatuonyesha mutoto?

Watu kwenye gare ya Kamina wakacheka. Ilikuwa mwaka 1999, na kila treni kutoka Bukama ilimwaga watu waliokimbia vita huko Manono. Katikati yao alisimama mzee mrefu, koti limechakaa, ameinua picha ya rangi: msichana wa miaka minne, gauni la bluu, macho makubwa.

Élisa Kyabu, aliyekuwa akipaka rangi kibao cha salon ya nywele ng'ambo ya barabara, aliteremka ngazini, akavuka. Picha ile aliichora yeye, mwaka 1955. Na mzee yule nusura awe mume wake.

— Gamaliel?

Mzee aligeuka. Akashusha picha.

— Élisa. Uko muzima.

— Minyi niko muzima. Weye njo bantu banakucheka. Kuya.

Alimpeleka nyumbani, akampa ugali wa bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Gamaliel alikula kama mtu aliyesahau ladha ya chakula, kisha akaeleza. Risasi zilipoanza kulia pale mtoni walipotaka kuvuka, watu walirukia mitumbwi ovyo. Yeye akasukumwa huku, Noémie, binti yake wa pekee, akasukumwa kule. Tangu hapo hakumwona tena.

— Foto zake zote ziliungua na nyumba. Siku ya kukimbia nilitoa hii ku ukuta. Noémie akanikaripia: "Tata, beba malengeti ya kulalia!"

Élisa alicheka. Mambo ya zamani yalimrudia.

Wakati ule Gamaliel alikuwa mwalimu kijana wa Kimethodisti, mjane mwenye mtoto mdogo. Élisa alikuwa amefundishwa kuchora na masista wa Kikatoliki. Gamaliel alileta mtoto achorwe, na hata rangi ilipokauka aliendelea kuja. Alipotaka kumwoa, mama yake akaweka sharti: huyo msichana aache misa, aache na rangi. Gamaliel akamwunga mkono mama yake. Élisa akakataa. Gamaliel akahamia Manono, akaoa kwingine. Élisa naye akaolewa na mtu wa treni. Wenzi wao wote wawili walishakufa.

— Élisa, unichoree Noémie wa leo. Weye njo ulijua ile sura tangu utoto.

— Nitachora. Lakini unieleze muzuri.

Alinyoosha mfuko mtupu wa unga kwenye fremu, akaanza. Gamaliel alieleza: mashavu ya mviringo, ngozi laini, tabasamu.

Élisa akaweka brashi chini.

— Minyi siwezi.

— Juu ya nini?

— Unanipa bibi-arusi. Weye unatafuta mama mukubwa. Uniambie kweli.

Gamaliel aliinamisha kichwa.

— Bwana yake alikufa mwaka jana. Tangu ile siku alikonda. Macho iliingia ndani. Nywele ya mbele iko nyeupe. Nilikuwa namuona kila asubui, Élisa, na nilikuwa nakataa kuona.

Alilia. Élisa alimwacha alie, akachora alichosikia. Picha ilipokamilika, Gamaliel aliigusa ukingoni kwa kidole.

— Njo yeye. Vidye wami, Mungu wangu, njo yeye.

Wakaitundika gare. Treni zilikuja, zikaenda. Siku moja Kapinga, muuza samaki wa ziwa Kisale, akatua kapu lake mbele ya picha.

— Huyu mama namujua! Iko Sanga, kule ku ziwa. Iko analilia baba yake, ati alizama mu maji.

Élisa hakungoja hata kuvua aproni. Alikwenda parokiani, akamwomba padri atume ujumbe kwa phonie, redio ya parokia, kwa misioni iliyo karibu na ziwa: "Noémie, tata yako iko muzima. Iko Kamina kwa Élisa Kyabu. Kuya."

Jibu lilichelewa. Gamaliel hakula. Hatimaye padri alikuja mwenyewe nyumbani, akasoma: "Élisa gani? Ule wa picha? Mwambie ninakuya."

Treni ilipoleta Noémie, baba na binti walikumbatiana katikati ya watu. Kisha Noémie akamgeukia Élisa.

— Mama, kila akishikwa na homa, Tata anaita jina yako.

— Noémie! akasema Gamaliel kwa haya.

— Ninasema uongo?

Jioni ile Gamaliel alisogeza kiti chake karibu.

— Élisa, zamani nilikuambia uache misa na rangi. Leo ninakuomba weye, na misa yako, na rangi yako.

— Na mama yako?

— Alishakufa.

— Ninajua. Ninauliza weye unasema nini.

— Ninasema alikosea. Na minyi nilikosea zaidi kumupita yeye.

Élisa alimtazama sana.

— Nitafikiria.

— Mama Élisa, Noémie akapaza sauti toka jikoni, usifikirie mingi, ule iko na miaka makumi saba!

Élisa akacheka mpaka machozi.

— Bien. Ninakubali.

Walifunga ndoa parokiani Jumamosi moja. Pasta wa Gamaliel naye alikuja, akaomba baraka. Kapinga alileta samaki, Noémie akaongoza nyimbo. Walipotoka, malori ya askari yalikuwa yakipita kuelekea kaskazini, vumbi limejaa barabara nzima. Gamaliel akamshika Élisa mkono. Wakangoja yapite, kisha wakavuka.