Nakala ya Kabatini

Yamaha nyekundu iliruka ngazi za soko la nguo, ikapasua katikati ya safu mbili za mashati, na ikatokea upande wa pili ikiwa imevaa sketi ya mtu.

Kitasa alikuwa nyuma yake hatua sita.

Kwa miguu.

Pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imeishiwa mafuta mitaa mitatu nyuma. Idara ya ujasusi haikuwahi kumpa mtu wake mafuta ya kutosha kufukuzana. Ilimpa vifaa. Saa ya Casio yenye redio ndani. Kalamu ya chuma yenye kila kitu isipokuwa wino. Beretta yenye risasi saba, kila moja ikidai maelezo ya kurasa mbili ukiitumia.

Sketi ikamziba dereva macho.

Pikipiki ikala ukuta.

Kitasa akafika, akamkalia mgongoni, akamvua helmeti kama mtu anayefunua sufuria.

"Ungetulia tangu mwanzo," alisema akihema, "saa hizi tungekuwa tunakunywa soda."

"Mimi mtu wa mizigo tu, mzee!"

"Mzee ni baba yako. Mzigo uko wapi?"

Ndani ya koti kulikuwa na vitu viwili. Boksi jeupe la insulini, lenye namba ya toleo ubavuni. Na simu ya Nokia, ujumbe wake wa mwisho bado unang'aa.

TOVUTI IMEZIMWA. SASA WATAIRUDISHA WENYEWE KUTOKA KWENYE BAKAPU. IKIRUDI, PIMENI NAMBA. IKIWA KIJANI, MAGARI YATOKE. SAA NANE.

Kitasa aliusoma mara mbili. Alipousoma mara ya tatu, jasho la mbio likageuka jasho la aina nyingine.

Kwenye ghala la forodha yalisimama malori ishirini na sita ya dawa. Manne kati yake yalibeba maji ya chumvi ndani ya vichupa vya insulini. Manne yapi? Hakuna aliyejua. Maboksi yalifanana kama mapacha, na maabara ingetaka wiki nzima. Kilichoweza kuyatenganisha siku hiyo ni tovuti ya kampuni ya dawa. Mkaguzi anaandika namba ya boksi. Ikitokea kijani, dawa ni halali. Ikitokea nyekundu, ni bandia.

Na tovuti hiyo ilikuwa imekufa tangu jana asubuhi.

Akaileta saa mdomoni.

"Kitasa kwa Mkuu."

"Sema."

"Nimeelewa mchezo wao. Tovuti yenyewe ilikuwa na ulinzi, wakashindwa kuingiza namba zao. Wameziingiza kwenye bakapu, yaani nakala za akiba. Halafu wameizima tovuti, ili sisi wenyewe tuirudishe na sumu ndani."

Mkuu alikuwa mwanamke ambaye hata kimya chake kilikuwa na cheo.

"Basi isirudishwe."

"Zahanati mia mbili zinasubiri insulini, Mkuu. Tovuti isiporudi, hata malori halali hayatoki."

"Basi irudishwe iliyo safi. Kabla ya saa nane. Nani anatunza bakapu za kampuni hiyo?"

Kitasa alimtazama mtu wa mizigo. Akaitazama mbingu.

"Dada yangu, Mkuu."

"Najua. Nilitaka kuona kama utasema."

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tano. Lifti ilikuwa na karatasi mlangoni: SAMAHANI. Karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka.

Juu, kwenye kioo cha mlango, kulikuwa na maandishi ya dhahabu: TUNAHIFADHI, TUNALINDA, WEWE LALA. Wateja sitini na wawili walikuwa wameyaamini maneno hayo. Hoteli, shule, kiwanda cha mikate, wakili mmoja mgomvi. Kampuni ya dawa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko wote.

Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Mwanamke mfupi, miwani juu ya nywele, alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, kidole kimoja hewani juu ya kitufe.

"Usibonyeze!" Kitasa alipiga kelele.

"Shikamoo kwanza," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Unanidondoshea jasho kwenye zulia."

Kitasa alishawahi kuning'inia nje ya helikopta kwa mkanda wa suruali. Hakuogopa. Huyu aliyemlea tangu mama yao alipofariki, huyu alimwogopa.

Pembeni yake alisimama Mshauri. Suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, manukato yaliyoanza kazi kabla yake. Aliletwa mwezi mmoja uliopita kutoka nje, kwa barua nzuri za utambulisho, kukagua usalama wa ofisi. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama kilichopigwa pasi.

"Bwana mpendwa," alisema, "kila dakika tunayoipoteza ni pumzi ya mgonjwa. Nakala ya jana ipo tayari. Irejeshwe."

"Itarudi," alisema Kitasa. "Ila nina boksi hapa. Dada, fungua nakala ya jana kwenye kompyuta ya pembeni. Ile isiyo na mtandao. Kisha andika hii namba."

"Boksi la nini?"

"Maji ya chumvi."

Dada alimtazama sekunde moja, akaelewa, akashusha miwani. Vidole vikakimbia.

Kioo kikajibu.

Kijani.

"Ya juzi," alisema Kitasa.

Kijani.

"Ya wiki iliyopita."

Kijani.

Ghala lao la mtandaoni lilihifadhi nakala za siku thelathini. Dada alizifungua moja baada ya nyingine, na kila moja ikamchekea kwa rangi ileile. Alipofika ya thelathini akaondoa vidole kwenye vitufe.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

"Zote," alisema. "Mtu amezipitia zote. Lakini ghala lile lina funguo mbili tu."

"Wa kwanza?"

"Ninao mimi."

"Wa pili?"

Waligeuka pamoja.

Mshauri hakuwepo. Yalibaki manukato.

Kitasa aliinua saa. "Kitasa. Fungeni mlango wa chini. Suti ya kijivu."

"Vijana wako njiani," ilijibu sauti ya Mkuu. "Dakika kumi."

"Dada, nakala nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine."

Ukutani nyuma yake ilining'inia fomu. NAKALA YA KABATI. Diski ya chumba cha seva, ambayo kila asubuhi ilipaswa kunakili ghala zima la mtandaoni. Kila siku ilikuwa na alama ya vema na saini. Hata leo.

"Na hii?"

"Inanakili kutoka kwenye ghala lilelile. Kama ghala lina sumu, na yenyewe ina sumu. Umeona saini hapo."

Lakini alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la blauzi. Miwani haikuwa na vumbi. Kitasa aliijua ile namna ya kufuta. Hivyo ndivyo alivyoifuta miaka thelathini iliyopita, siku aliposema mama amesafiri kidogo tu, atarudi.

"Dada. Kuna kitu hujaniambia."

"Niache."

"Watu watajidunga chumvi leo jioni."

"Nimesema niache!"

Alisimama. Akaenda chumba cha seva, akafungua mlango, na Kitasa akafuata.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa, matundu yake yamejaa utando wa buibui. Katikati lilisimama feni la miguu mirefu, likipuliza seva zisiungue. Waya wake uliingia kwenye soketi moja nyekundu ukutani, ile ambayo haikatiki umeme ukikatika.

Chini yake, ndani ya kabati la chuma, ilikuwepo diski. Plagi yake ilikuwa sakafuni. Ilikuwa imeota vumbi.

"Kiyoyozi kilipokufa," alisema Dada, "seva zikaanza kupiga kelele. Soketi ilikuwa hiyo moja. Nikachomoa diski, nikachomeka feni. Nikasema dakika kumi tu, fundi anakuja."

"Fundi alikuja?"

"Fundi gani."

"Ni siku ngapi sasa?"

Aliisukuma plagi kwa ncha ya kiatu. Feni likaendelea kuzungumza peke yake.

"Arobaini na saba. Kila asubuhi nasaini nikisema leo nitaichomeka. Wateja wanapenda kuiona ile fomu. Wanaipiga picha."

Kitasa alihesabu kichwani. Mshauri aliingia ofisi hii mwezi mmoja uliopita. Diski hii ilizimika kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza.

"Dada," alisema polepole, "hii ndiyo nakala pekee iliyo safi."

"Hilo nami nilikuwa silijui," ilisema sauti mlangoni.

Mshauri alikuwa hajashuka. Alisimama pale na bastola ndogo yenye kizuia sauti, kifungo cha suti bado kimefungwa.

"Nilikagua fomu zako zote, mama. Saini kila siku, bila kukosa hata moja. Nikakuamini." Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Weka diski chini, kisha usogee."

Dada alikuwa ameshaitoa kabatini na kuikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Beretta ilikuwa kiunoni, upande wa mbali. Mkononi Kitasa alikuwa na kalamu tu. Akabonyeza kitako chake. Fundi wa Idara alikuwa ameapa kwamba itatoa wingu la pilipili la kuangusha ng'ombe.

Ilitoa kamoshi kadogo. Ka kuaibisha.

Mshauri akacheka.

Dada hakucheka. Alilishika feni shingoni, akaligeuza kuelekea mlangoni, na kwa kidole gumba akalipandisha hadi namba tatu.

Kale kamoshi kakapata mguu. Kakamwingia Mshauri puani, machoni na kinywani kilichokuwa bado kinacheka. Bastola ikakohoa mara moja, kipande cha dari kikaanguka. Kitasa aliruka chini ya mkono wake, akaukunja pasipokunjika, na paji la uso la suti ya kijivu likasalimiana na kabati la chuma.

Salamu moja ilitosha.

"Risasi hata moja sijatumia," alisema Kitasa, akimfunga kwa waya wa mtandao. "Kurasa mbili nimeokoa."

Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaifuta plagi vumbi kwa kiganja.

*

Saa saba na dakika ishirini. Diski iliamka kwa mlio wa mtu anayekohoa.

Namba ya boksi. Kitufe.

Nyekundu.

Dada alifumba macho, akayafumbua.

"Iko nyuma kwa siku arobaini na saba," alisema. "Dawa halali zilizoingia tangu hapo hazimo. Zitatokea nyekundu nazo. Mpigie meneja wa dawa. Awe na karatasi za kiwandani zenye mihuri, asisome kitu kutoka kwenye kompyuta."

Simu iliwekwa juu ya meza, sauti wazi.

"Matoleo kumi na moja," alisema meneja. Sauti yake ilikuwa kavu. "Naanza. Sita, sita, mbili, tisa..."

"Taratibu, baba. Rudia."

"Sita, sita, mbili, tisa, sifuri..."

Dada aliandika. Alirudia kila namba kwa sauti, meneja akaitika, wakaenda inayofuata. Toleo la saba likasomwa vibaya, wakalifuta, wakaanza upya. Vijana wa Idara walikuja wakambeba Mshauri kama zulia lililokunjwa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Saa nane kasoro dakika tatu, tovuti ilirudi.

Saa nane kamili, redio ikapasuka.

"Kitasa. Mkaguzi amepima."

"Ndiyo, Mkuu."

"Malori ishirini na mawili, kijani. Yanatoka. Manne, nyekundu. Madereva wanne wamekimbia, watatu wamekamatwa, mmoja amekwama kwenye uzio kwa suruali."

"Vizuri."

"Nataka ripoti saa kumi. Nakala safi ilipatikanaje?"

Kitasa alimtazama dada yake. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Nitakupigia, Mkuu." Akazima saa. Akavuta kiti.

"Dada, sikiliza. Naweza kuandika kwamba diski ilitengwa makusudi. Tahadhari ya kitaalamu. Nani atauliza? Watakupa hata cheti."

"Wataniletea wateja wapya."

"Ndiyo hivyo."

"Na wao nitawaonyesha ile fomu."

Kitasa akaitazama fomu ukutani.

"Nimesaini uongo mara arobaini na saba," alisema Dada. "Wa arobaini na nane usinisainie wewe."

"Watakuacha wote. Sitini na wawili."

"Andika kilichotokea, mdogo wangu. Na ufute jasho, unatia aibu."

Alinyanyuka, akaing'oa fomu ukutani, akaikunja mara nne, akaiweka mbele ya Kitasa iwe kielelezo. Kisha akavuta simu karibu, akafungua daftari la wateja ukurasa wa kwanza, na akapiga.

Kitasa aliitia fomu mfuko wa ndani. Akachomeka kalamu mfukoni. Akavaa miwani ya jua, akatoka, na kuuvuta mlango wa maandishi ya dhahabu taratibu nyuma yake.

Kabla haujafungika alimsikia.

"Habari za mchana. Naongea kutoka ofisi ya bakapu. Hapana, tovuti yenu haina tatizo. Tatizo ninalo mimi."

Zilikuwa ngazi za ghorofa tano. Alizishuka moja moja, mikono mfukoni, bila kuharakisha na bila kugeuka.