Kofia ya Sajenti Mbaruku

Sajenti mstaafu Mbaruku Harithi alilala chali kando ya mashine yake ya kusaga, unga umemtanda usoni mpaka kwenye nyusi. Mkanda wa mashine ulikuwa umenasa mkono wa shati lake na kumtupa. Kisogo kilikuwa kimegonga msingi wa zege. Nje, ndoo kumi na saba za mahindi na mtama zilikuwa bado kwenye foleni, zimenyooka kama alivyozipanga mwenyewe asubuhi ile.

Inspekta Respicius alichuchumaa. Alimfahamu marehemu, kama mtaa mzima wa Majengo ulivyomfahamu. Mzee alirudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 na sikio moja lililokufa na kofia moja ya jeshi. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, akanunua mashine ya dizeli iliyokwisha kutumika, akaiendesha kwa amri. "Ndoo ya bluu, rudi nyuma hatua moja," alikuwa akisema, na kina mama walicheka huku wakiirudisha. Wajane wa wenzake waliobaki vitani hawakupanga foleni. Hao walisagiwa kwanza, na ole wake aliyeguna.

Respicius alizaliwa Bukoba. Vita vilimkuta kidato cha pili, na askari wa namna hii walipita kwa bibi yake wakaomba maji, wakashukuru. Ndiyo maana asubuhi hii hasira ilimpanda kuliko ilivyopaswa.

"Nani aliwasha injini?"

"Mimi, afande." Alikuwa Yotham, fundi wa mashine, aliyefanya kazi na mzee kwa miaka sita.

Injini ilikaa kwenye kibanda nyuma ya ukuta, kwa sababu ya moshi. Aliyeiwasha hakumwona aliye ndani, na mzee, kwa sikio lake moja, hakusikia akiitwa kutoka huko. Kwa hiyo tangu mwaka juzi waliweka sheria moja, na kila mteja aliijua. Mzee akiingia kusafisha mashine, alitundika kofia yake kwenye hendeli ya kuzungushia injini iwake. Kofia ikiwa pale, hakuna anayegusa.

"Na kofia?"

"Haikuwepo, afande. Nilitoka kufuata dizeli. Niliporudi hendeli ilikuwa tupu, nikajua amemaliza."

"Miaka miwili hajasahau hata siku moja. Leo ndiyo asahau?"

"Sijui."

"Iko wapi sasa?"

Yotham alikitazama kichwa cha marehemu kisicho na kofia. "Sijui, afande."

Koplo Dorothea alimvuta Inspekta pembeni. "Jumatatu waligombana. Kuna tajiri wa Chemba kanunua mashine mpya, anamtaka Yotham. Mzee alimwambia akienda asirudi."

Ikatosha. Yotham alitiwa pingu. Alipofika kwenye Land Rover aligeuka.

"Afande, atazikwa alasiri. Naomba nimbebe."

"Umeshambeba vya kutosha," Respicius alisema, akafunga mlango.

Gari lilipoondoka, mwanamke mmoja alisogea. Aliitwa Tabu, muuza vitumbua.

"Samahani afande, naweza kuchukua ndoo yangu? Msiba ni msiba, lakini yale mahindi ni ya kwangu."

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho. Nilifika Yotham akitoka na dumu, tukasalimiana."

"Hendeli uliiona?"

"Ah, baba, ile ndiyo saa yetu. Kofia ilikuwepo. Nikajua nina nafasi, nikaenda zangu kununua mchicha."

Respicius alinyanyua kichwa. "Baada ya hapo nani aliingia kibandani?"

"Mlango wa huku walikaa wenzangu, wanasema hakupita mtu. Labda ule wa nyumbani."

Kibanda kilikuwa na mlango wa pili, unaotokea uani kwa mzee. Inspekta aliufungua. Kamba zilijaa mapazia na vitambaa vya meza, vyote vimetakata.

"Kesho walikuwa wanakuja washenga," Dorothea alinong'ona. "Kumposa binti, Stara. Amerudi Jumapili kutoka chuo cha ualimu."

Chini ya kamba kulikuwa na makarai matatu. Mawili yalikuwa na povu jeupe. Maji ya la tatu yalikuwa meusi, mafuta yakielea juu, unga umetuama chini kama uji. Respicius alichovya kidole, akanusa. Dizeli.

"Mama, pole sana," alimwambia mjane, Bi Zuleha. "Nani alikuwa akifua hapa?"

"Stara, mwanangu. Tangu alfajiri."

Walimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Pole, dada."

"Asante."

"Kofia ya baba iko wapi?"

Stara aliingiza mkono chini ya godoro, akaitoa. Ilikuwa mbichi, na rangi yake ya kijani ilikuwa imerudi.

"Uliichukua kwenye hendeli?"

"Ndiyo. Wageni wangemkuta amekaa sebuleni na kofia inayonuka dizeli. Nilimwomba aivue, akakataa. Haivui hata akila. Nilipoiona pale, peke yake, nikasema ndiyo bahati yangu. Niifue, ikauke, nimrudishie kabla hajatoka."

"Hukujua maana yake?"

"Sikuwa naingia mashineni, afande. Likizo zote. Nilikuwa namwonea haya." Aliigeuza kofia mkononi. "Baba yangu, nilimwonea haya."

"Na Yotham je? Ulimwona akitiwa pingu."

"Nilimwona dirishani. Nikasema nasema sasa hivi. Mara gari likaondoka."

Respicius alijua ilivyo, kwani yeye ndiye aliyeliharakisha gari lile.

"Hukuua kwa kukusudia, wala Yotham," alisema taratibu. "Nitaandika maelezo yako, hakimu atasikiliza. Lakini yupo mtu anayepaswa kusikia kabla ya hakimu."

Alikwenda kituoni mwenyewe. Alimfungua Yotham kwa mkono wake.

"Nilikukosea," alisema. "Na lile neno la kwenye gari, nisamehe."

Yotham alisugua vifundo vya mikono. "Wameshaondoka na mzee?"

"Bado. Twende."

Uani watu walikuwa wamesimama, jeneza tayari. Stara alitoka katikati ya kina mama, shungi limemtoka. Hakungoja kuulizwa.

"Kofia niliichukua mimi, kaka Yotham. Nilitaka kuifua. Nikakuacha wakupeleke." Mbele ya mama yake, mbele ya wote.

Bi Zuleha alijishika mdomo. Yotham alimgeukia binti yule.

"Hendeli niliizungusha mimi, dada," Yotham alisema. "Huu mzigo tutaubeba wawili. Hiyo ni kesho. Leo wamenichelewesha, na mzee hapendi mtu achelewe."

Imamu alimtazama, kisha akamgusa bega mzee mmoja aliyeshika upande wa mbele. Mzee yule akatoka. Yotham akainama, akaingiza bega chini ya jeneza, wakanyanyuka.