Maboksi ya Maparoni

"Zena asijue! Akijua tu, ndoa yangu imekwisha!"

Mimi ndiye Zena, jamani...

Nilikuwa nje ya mlango wa stoo, sahani ya wali mkononi, nampelekea mume wangu chakula cha mchana. Nikatega sikio.

Gharibu alikuwa kwenye simu, ananong'ona.

"Maboksi nayaleta kesho, maji yakijaa. Mwambie yule mama ayapokee mwenyewe kama kawaida. Na asithubutu kumpigia Zena!"

Yule mama?! Mama gani?!

Wali nikaula mwenyewe, kwa hasira.

Sasa kwa msiotujua: tuna supamaketi hapa Kibiti, na sifa yetu kubwa ni mazingira. Ukinunua kwetu unafungiwa kwenye kikapu cha ukili. Ukirudisha chupa unapunguziwa bei. Ukutani tumeandika kwa rangi ya kijani: HAPA HAKITUPWI KITU. Hata maduka makubwa ya Dar yanamlipa Gharibu achukue bidhaa zao zilizokwisha muda, tuzifukie ziwe mboji ya wakulima wa Mtawanya.

Mimi mwenyewe ndiye ninayezipokea. Kila boksi na kila kopo nalipiga alama ya X nyekundu ili lisirudi dukani kwa bahati mbaya.

Jioni nikamchokoza.

"Baba Kheri, kesho una safari?"

"Napeleka mzigo wa mboji Mtawanya, mke wangu."

Lakini nyie, Mtawanya ni nchi kavu! Huko maji yanajaa wapi?

Asubuhi nikamweleza Hafsa, keshia wetu. Shoga yangu huyo, ana kiherehere hakuna mfano.

"Zena, usijifanye hujui. Khamisi wa bodaboda alimwona mumeo bandarini Nyamisati, anapanda boti."

"Boti ya wapi?"

Hafsa akaangalia pembeni.

"Maparoni, shoga yangu..."

Weee! Maparoni ni kwetu! Ndiko nilikozaliwa, ndiko alikoniolea! Yaani mwanamume anioe mimi kutoka kisiwa kile, halafu mke mwenza akamchukue kisiwa kilekile?! Kweli huyu ananichukulia poa!

Nikafunga khanga kiunoni, nikamwachia Hafsa duka. Nyamisati nikakuta Gharibu keshaondoka. Nikamkodi Iddy na boti yake ya faiba.

"Dada Zena, unaenda kumsalimia mama?"

"Naenda kufumania."

Iddy akaongeza mwendo bila kuuliza tena.

Njia nzima katikati ya mikoko nilikuwa napanga matusi. Ni nani? Mjane? Binti mbichi? Ana watoto naye?

Tulipofika, vijana walikuwa wamebeba maboksi vichwani. Nikawafuata kwa mbali. Wakapita msikiti, wakapita kisima...

Wakaingia nyumbani kwa mama yangu.

Kwa mama yangu mzazi!!

Kwa hiyo mama anajua?! Kamficha mke mwenza wangu ndani ya nyumba niliyolelewa?! Machozi yakanitoka hapohapo njiani.

Nikaingia uani kama mwendawazimu.

"Yuko wapi?!"

"Salamu huna, Zena?" mama akauliza.

"Mama, usinizungushe! Mwanamke wa Gharibu yuko wapi?!"

Uani kulikuwa na mkeka mkubwa, na wanawake wa mtaa wamekaa wanagawana makopo ya nyanya, mafuta na maziwa ya unga. Wote wakanigeukia. Badala ya kunishangaa, wakainua mikono!

"Allah akuzidishie, Zena!"

"Akupe umri mrefu, mwanangu!"

Nikasogea mpaka kwenye mkeka.

"Mama... hivi vitu ni vya nani?"

Mama akacheka kwa aibu.

"Si sadaka yako hii, mwanangu? Mumeo alituambia ni sadaka ya siri, tusikupigie simu wala kukushukuru, tutakupunguzia thawabu. Tukanyamaza. Na ya siri haichunguzwi, anayepewa anapokea na kuomba dua."

Nikaokota kopo la maziwa. Mahali pa tarehe pamekwanguliwa. Nikaligeuza. Chini palibaki mstari wa rangi nyekundu, haukufutika vizuri...

Ilikuwa ile X yangu.

Wallahi, siku ile ningemkuta mke mwenza ningemwandalia chai!

Gharibu akatokea, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya jiko.

"Mke wangu, tulia. Kopo likipita tarehe kidogo lina ubaya gani? Kufukia ni gharama. Na hawa wangekula nini?"

"Hawa?! Mama yangu ndiye unamwita hawa?!"

"Punguza sauti!"

"Sipunguzi!"

Akatabasamu. Nyie, lile tabasamu sitalisahau.

"Haya, nenda kawaambie. Sadaka imekuja kwa jina lako. Kijiji kizima kinajua aliyewalisha ni Zena. Mimi ni mkwe tu, mbeba mizigo."

Yalaa!

Kumbe alikuwa amejipanga! Nikisema, sina uso tena Maparoni, kwetu, mbele ya mama yangu.

Nikarudi uani. Mashavu, niliyesoma naye madrasa, alikuwa amempakata mwanawe Yasmin. Mtoto amelegea, midomo imekauka.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Tumbo, ndugu yangu. Tunasema ni maji ya mto. Ngoja nimkorogee maziwa yako haya, labda atapata nguvu..."

Akanyoosha mkono kuchukua kopo lililokuwa wazi.

"USIMPE!"

Nilipiga ukelele kuku wakakimbia. Nikalipiga kopo teke, unga ukamwagika mkekani.

"Jamani msile! Hivi ni vitu vya kufukiwa! Vimeoza! Alama nimevitia mwenyewe kwa mkono wangu!"

Mikono iliyokuwa inaniombea dua ikashuka mmoja mmoja.

"Na wewe ulijua, Zena?" Mashavu akaniuliza taratibu.

"Wallahi sikujua!"

"Lakini jina ni lako."

Nikambeba Yasmin, Mashavu akanifuata, Iddy akawasha mashine mpaka Nyamisati, na kutoka hapo gari mpaka hospitali ya Kibiti. Mtoto akatundikiwa dripu. Njia nzima mama yake hakunitazama usoni.

Yasmin amepona, alhamdulillahi. Gharibu yuko mikononi mwa polisi, na duka limefungwa. Nimedai talaka yangu. Wale wa maduka makubwa ya Dar waliokuwa wakituma watu wao kuja kupiga picha vikapu vyetu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mboji iko wapi.

Na wewe usiulize tu duka linafungia bidhaa kwenye nini. Uliza kinachobaki kinapelekwa wapi, na kinaishia mdomoni mwa nani. Sadaka nayo ipokee kwa heshima, lakini isome tarehe, na tarehe ikiwa imekwanguliwa, uliza. Huo si utovu wa adabu.

Siku ya kuruhusiwa nilimpelekea Yasmin uji wodini, nimeupika mwenyewe. Mashavu akapokea kikombe, akakinusa. Akaonja. Akasubiri kidogo, huku ananiangalia...

Ndipo akampa mwanawe.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Lakini sikumlaumu, maana mama yeyote anatakiwa afanye hivyo hivyo.