Barua kutoka Mesolongi

Jumamosi ile saluni ya Sidonie, ndani ya jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, ilijaa hadi mlangoni. Evaline, binti wa Iringa anayesomea ukalimani mjini Brussels, alikuwa amesukwa nusu kichwa aliposikia sauti nzito nyuma yake.

"Ba maman, bonjour. Iko muntu hapa anajua kusoma Anglais?"

Alikuwa mwanamume mrefu, koti la buluu limemkaa vizuri mabegani, bahasha mkononi. Jina lake Joël, mtu wa Lubumbashi, fundi wa kiwanda cha magari cha Forest mpaka kilipofungwa. Barua ilitoka kwa Takis, Mgiriki aliyefanya naye kazi miaka kumi, sasa amerudi kwao Mesolongi. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, hivyo binti yake, asiyejua Kifaransa, ndiye aliyemwandikia, kwa Kiingereza.

Evaline akasoma. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, ndani ya maji ya bahari yasiyopita magoti. Kuna milima ya chumvi, na ukuta ambao wenyeji wa zamani walizingirwa nyuma yake karibu mwaka mzima.

"Walitokaje?" Evaline akauliza, kana kwamba Joël alikuwepo enzi hizo.

Joël akacheka. "Bon, tutaenda tuwaulize."

Tangu siku hiyo hawakuachana.

"Mupenzi, barua ingine imefika," Joël alimpigia simu mwezi wa pili. "Nikuje?"

"Njoo, ila usije mikono mitupu."

Alikuja na maua. Evaline akamsomea barua yote, isipokuwa sentensi moja.

Wakati wa Pasaka wakasafiri. Evaline alitaka kuona kila kitu: lango la ukuta, makaburi ya mashujaa, ndege aina ya heroe waliosimama majini kwa mguu mmoja. Takis akawakaribisha katika nyumba yake ya nguzo, akawakatia mayai ya samaki yaliyokaushwa. Kisha akamgeukia Joël, akasema kwa Kifaransa:

"Mbona hukunijibu kuhusu ile kazi? Mashine za chumvi zinahitaji fundi. Binti yangu alikuandikia."

Joël akamtazama Evaline. Evaline akainuka, akatoka nje, gauni lake la njano likipepea kwenye barabara inayokatiza maji. Joël akamfuata.

"Uliruka ile maneno?"

"Niliruka."

"Juu ya nini, Evaline?"

"Niliogopa. Niliona ukija huku hutarudi kwangu."

"Alors, miye ningekuuliza weye kwanza! Weye njo ulikuwa macho yangu kwa ile barua, na ulinificha."

"Nisamehe, Joël."

Upepo ulinuka chumvi na samaki wa kuchoma. Mwishowe Joël akavua koti, akamfunika mabega.

"Nimekasirika sana," akasema. "Mpaka kesho."

"Na kesho?"

"Kesho nitauliza Takis kama padri wa hapa anaweza kubariki ndoa ya ba étrangers, wageni kama siye. Kazi inaanza septembre. Weye unamaliza masomo juin, mwezi wa sita, donc…"

Evaline akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Kesho saa ngapi?"