Koti la Zambarau na Ile "Ndiyo" Niliyoijibu Mimi

"Mama! Nani kagusa simu yangu?!"

Nilikuwa nageuza tortilla, chapati yetu ya mahindi, jikoni. Sikugeuka kumtazama.

"Simu gani?"

"Kuna mtu kamjibu Brett NDIYO! Mama, nimekwisha! Hospitali ya Duluth wamenitupa!"

Tortilla ilikuwa inaniunguza vidole na wala sisikii...

Huyo mtu nilikuwa mimi.

Mimi ni Consuelo, niko hapa Laredo, Texas. Majirani wananiita Mama Marisela. Shule niliishia darasa la sita, nikikosea kuandika mnivumilie. Naandika kwa sababu najua kuna mama humu ambaye kesho atashika simu ya mtoto wake "acheki tu kidogo". Mama, soma kwanza hii.

Marisela ni mwanangu wa pekee, ni nesi. Wakati wa corona alikuwa nesi wa mikataba ya kusafiri. Wiki kumi na tatu Oregon, anarudi, wiki kumi na tatu Arizona. Mimi nikabaki na binti yake Yaretzi, tunamwita Yare, mchanga kabisa.

Siku aliyorudi moja kwa moja, mtoto aliniita mimi mama. Marisela, mtoto akamwita "yule".

Mwanangu aliingia bafuni, akafungulia maji yapige kelele, akalia.

Akaapa hasafiri tena. Akapata kazi hapahapa Laredo, zamu ya usiku, miaka mitatu. Lakini mshahara wa hapa jamani... Mwezi wa nane akaniambia, "Mama, narudi kwenye mikataba."



Tulikaa mezani akanionyesha mawakala wawili. Wote wanampeleka hospitali ileile moja, Duluth, kule Minnesota kwenye baridi. Wakala wa Brett anatoa dola 2,450 kwa wiki, nyumba utajitafutia. Wakala wa Kendra anatoa 2,080, na nyumba wanakupa.

"Dola mia tatu na sabini kila wiki unazimwaga?" nikamwambia. "Nani kakuroga?"

"Mama, Brett ana namba kubwa tu. Toa kodi ya kule. Halafu wagonjwa wakiwa wachache ananirudisha nyumbani bila kulipwa. Kendra saa zangu zote analipa, wagonjwa wawepo wasiwepo. Na mimi nataka nyumba."

"Basi kubali wote wawili, atakayewahi awahi."

Akacheka. "Thubutu! Hospitali ikiletewa jina langu na mawakala wawili, inatupa yote. Hawataki ugomvi wa nani kanileta. Ndiyo maana nimewaambia wote, msipeleke jina mpaka niseme ndiyo. Na ndiyo yangu nimeshampa Kendra."

Mmeona? Alinifundisha mwenyewe. Nilijua!

Siku mbili baadaye nikamsikia barazani anaongea na Kendra.

"Vyumba viwili, tafadhali. Cha pili kiwe chini, kisiwe na ngazi kabisa. Tuko watu wazima wawili na mtoto... Hapana, hajui bado. Nitamwambia kila kitu kikikamilika."

Watu wazima wawili?!

Nikakimbilia kwa jirani yangu Ofelia. Ofelia hakosi jibu.

"Mwanaume huyo, Mama Marisela! Tena ana mguu mbovu, ndiyo maana hataki ngazi. Mwanao kapata mzee!"

"Acha utani, Ofelia."

"Utani? Watakubebea na Yare uone. Utabaki na kuku wako."

Yeye alicheka. Mimi sikulala siku hiyo.

Kesho yake asubuhi Marisela alitoka zamu, akanywa kahawa, saa mbili akalala. Simu akaiacha jikoni kwenye chaji. Saa tatu ikalia.

Brett. "Duluth bado ipo. Jibu NDIYO nipeleke jina lako leo."

Namba ya siri ni siku aliyozaliwa Yare. Hiyo siku nilimshika mimi hospitalini, nitaisahau vipi?

Nilijiambia namsaidia apate ule mshahara mkubwa. Uongo! Nilikuwa nataka asiende. Nilikuwa nataka huyo mzee wa mguu mbovu akae Duluth peke yake na vyumba vyake viwili.

Nikaandika NDIYO. Nikatuma. Nikafuta.

Halafu nikaenda kuwapa kuku mahindi, kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Jioni Marisela aliamka, akakuta Brett kamshukuru kwa NDIYO yake na Kendra kaandika kwamba hospitali imelitupa jina, ndiyo tukafika pale kwenye tortilla. Marisela alimpigia Kendra analia. Kendra akasema, "Dada, mikono yangu imefungwa. Jina limefika mara mbili." Akampigia Brett, akamtukana matusi sijawahi kumsikia nayo.

Brett akasema kwa sauti, hata mimi nikasikia, "Ulinijibu mwenyewe leo saa tatu na dakika nne!"

Marisela akakata simu.

Akaitazama simu. Akanitazama mimi.

Akavuta kiti, akakaa, akachukua ile tortilla iliyoungua. Akaila yote.

Bora angenipiga.

Mnasema basi, si amebaki? Hakubaki! Kazi ya hapa alishaandika barua ya kuacha, na nafasi yake walishampa mwingine. Brett ndiye aliyekuwa na kitu cha haraka, mji mdogo Dakota Kaskazini. Nyumba ya wakala hakuna. Alichopata ni chumba cha chini ya ardhi kwa bibi mmoja mjane. Kitanda kimoja, na watoto hawaruhusiwi.

Akaondoka Jumapili. Yare alishika kioo cha pembeni cha gari, vidole tukavibandua kimoja kimoja.

"Bibi, mwambie asiende!"

Ningemwambia nini mtoto? Mimi?

Siku ya nne likaja boksi, jina la Marisela. Alikuwa ameliagiza zamani, likachelewa njiani. Ofelia alikuwa kwangu anakunywa kahawa.

"Fungua tuone!"

Ndani makoti ya baridi, matatu. Jeusi jembamba, la Marisela. Jekundu dogo, la Yare.

"Sasa tulione la mzee," Ofelia akasema, akajifuta mikono.

Nikalitoa. La zambarau.

La kike. Pana tumboni, fupi mikononi.

Ofelia akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma. Mara ya kwanza namjua yule mwanamke, alikosa neno.

"Mama Marisela... hili si saizi yako?"

Nikalivaa. Zipu ikapanda mpaka shingoni bila kubana. Hapa Laredo hata Oktoba ni jua kali, lakini sikulivua.

Chumba cha chini. Kisicho na ngazi. Magoti yangu jamani... magoti yangu ndiyo mabovu!

Nikampigia. Sikusalimia hata.

"Mwanangu, ni mimi. Ile ndiyo ni mimi."

Nasikia tu upepo wa huko.

"Najua, Mama. Saa tatu nilikuwa nimelala, na Yare hajui kusoma."

"Kwa nini hukunisema?!"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Na kwa nini hukuniambia kuna chumba changu?"

"Ungekataa. Ungesema kuku, ungesema magoti, ungesema nani atapanga maua kanisani. Nilitaka nije na ufunguo mkononi ushindwe kukataa." Hapo sauti ikamkatika. "Niliapa Yare hataniita tena yule, Mama. Ndiyo maana nilichukua pesa kidogo. Nilikuwa nanunua nyumba tukae wote."



Wiki ya saba hii. Jana Marisela alipiga kwa video, Yare akakataa kuja kwenye simu. Nilimbeba kwa nguvu, akaficha uso begani kwangu. Nilimwona mwanangu anatabasamu kwa shida, halafu picha ikazimika. Alisema mtandao mbovu.

Mtandao haukuwa mbovu.

Amesema mkataba huu ukiisha atamtafuta Kendra tena, vyumba viwili. Nikasema nitakuja, kuku nitamwachia Ofelia. Akasema, "Sawa. Lakini Mama... simu yangu usiiguse."

Akina mama, ukisikia nusu ya maneno ya mwanao, nenda umuulize nusu iliyobaki. Muulize yeye, usimuulize jirani. Hata akikasirika. Mimi niliogopa kuuliza swali moja, nikamtoa mwanangu kwenye nyumba yenye chumba changu.

Koti linaning'inia nyuma ya mlango. Bado lina karatasi ya bei.

Sijaikata. Naona bado sijastahili.